Karai Lililoniangukia na Paa Nililolidai

Watu wakiniuliza nini kilinivunja bega, husubiri niseme gari au bodaboda. Nawajibu: karai. Karai la saruji, limejaa, kutoka ghorofa ya pili. Wengine huanza kucheka, halafu hunitazama usoni wakaacha.

Naandika haya kwa sababu sasa naweza kushika kalamu. Kuna wakati nilikuwa siwezi. Nakuandikia wewe uliyelala na mkono umefungwa kifuani, na kila anayekuja kukutazama anakwambia mshukuru Mungu hukufa. Mshukuru, ndiyo. Lakini hasira yako usiitupe. Mimi yangu ilinifaa kuliko vidonge.

Jina langu Raya. Nakaa Chake Chake, nimesoma mpaka kidato cha nne, nina mume na mtoto mmoja wa kike, Siti, ambaye siku hiyo alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa natoka sokoni, Siti kiunoni upande wa kushoto, kikapu mkono wa kulia. Nyumba iliyokuwa ikijengwa iko kwenye kona ya mteremko, ubavuni mwa chuo cha Kurani. Mwenyewe ni Ami Shaame, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu. Mafundi walikuwa wanapiga plasta juu. Jukwaa lao la mirunda na mbao, limefungwa kwa kamba, lilikuwa limesimamisha miguu yake katikati ya njia yetu sisi tunaokwenda kwa miguu. Ukitaka kupita, unapita chini yake.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Asiyekuwa wa kwetu hataelewa, kwa hiyo naeleza. Msimu ukifika, kila penye jua pana jamvi, na kila jamvi lina karafuu. Uwanjani, barazani, kando ya lami. Siku hiyo majamvi yalikuwa yametandikwa toka ukingo wa barabara mpaka karibu na jukwaa. Pa kupita palibaki pale tu, chini ya mbao, pembeni ya ukuta. Mbele yangu kulikuwa na mambo mawili: nikanyage karafuu za watu, au nipite chini ya mafundi. Sikufikiri hata. Hakuna Mpemba anayefikiri hapo. Karafuu ya mtu haikanyagwi.

Nilisikia sauti juu inasema, "Ohoo!" Basi. Hakuna aliyesema jihadhari, hakuna aliyesema kimbia. Ohoo.

Lilinipiga bega la kulia. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia mlio, kama mtu kavunja kuni kavu karibu na sikio. Nikajikuta nimekaa juu ya jamvi. Saruji mbichi kichwani, puani, mdomoni, machoni inawaka. Siti analia, na kile kilio kilikuwa kitamu kwangu kuliko sauti yoyote niliyopata kuisikia, kwa sababu aliyekufa halii. Na sauti ya kwanza ya binadamu niliyoipata ilikuwa ya mwanamke anapiga kelele, "Wallahi karafuu zangu! Karafuu zangu zote!"

Nilimchukia. Halafu mwanamke huyo huyo akavua kanga yake begani, akaichana kwa meno, akanifunga mkono kifuani, akaniosha macho kwa maji ya ndoo ya mafundi. Karafuu zake zilizoingia saruji hakuzitaja tena.

*

Hospitali nilipigwa picha. Daktari akaiinua dirishani nikaona mifupa yangu mwenyewe. Mtulinga, mfupa unaotoka shingoni mpaka begani, umevunjika vipande, mfupa wa mkono juu una ufa, na mshipa unaopeleka nguvu kiganjani umepondwa. "Mifupa itaunga," alisema. "Mshipa tusubiri tuone." Neno hilo, tusubiri tuone, jizoeze nalo. Utalisikia mpaka ulichoke.

Nitakwambia mambo ambayo hakuna aliyenambia mimi.

Nywele zitakatwa. Saruji ikikauka kichwani haitoki kwa kuoshwa. Mama mkwe wangu, Bi Mize, alizikata kwa mkasi huku analia, mimi silii.

Kama unanyonyesha, ziwa la upande ulioumia litakauka. Sikuweza kumshika mtoto upande ule, na yeye akaacha kulitaka. Nikawa na ziwa moja limejaa linavuja na jingine limelala kama mfuko mtupu. Mpaka leo hayalingani. Sioni haya kuliandika, maana nililia peke yangu nikidhani mimi ndiye wa kwanza duniani.

Na kula. Sisi tunakula kwa mkono wa kulia, wa kushoto una kazi yake chooni, sina haja ya kueleza. Sasa wa kulia umefungwa. Nilikaa na njaa siku nzima mbele ya sahani kuliko kutia mkono wa kushoto kwenye wali. Shehe wa mtaani kwetu alisema dini imeruhusu, mgonjwa hana lawama. Najua imeruhusu. Mkono ulikataa wenyewe. Bi Mize akaja akakaa mbele yangu, akakunja miguu, akaufinyanga wali, akanitilia tonge mdomoni.

"Fungua."

"Mama, mimi si mtoto."

"Ntoto ana akili, akiona chakula hufungua. Fungua nkwambia."

Alinilisha hivyo mpaka msimu wa kaskazi ukaingia na joto lake. Hatukuwa tukipendana sana kabla ya hapo mimi na yeye. Alikuwa anasema napika chumvi nyingi na najibu sana. Chumvi hakuitaja tena.

*

Ami Shaame alikuja kunitazama baada ya sala ya Ijumaa, na wazee wawili, na gunia la mchele na sukari. Alikaa kwenye kiti tulichomwekea, kanzu imenyooka, akasema maneno mazuri. Ni mtu mzuri wa maneno.

"Mwanangu Raya, hii ni kadari. Lililoandikwa halifutiki. Sisi ni damu moja. Tusameheane, jambo liishe."

Wazee wakaitikia. Mume wangu, Faki, alikuwa anatazama jamvi. Faki anafanya kazi dukani kwa Ami Shaame. Ami ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa, ndiye aliyetoa mahari yangu. Nilijua yote hayo. Nikasema:

"Ami, kadari naikubali. Lakini karai halikutoka mbinguni. Limetoka kwenye ubao usiokuwa na ukingo, na chini yake ndiyo njia."

Mzee mmoja akajikohoza.

"Basi unataka nini?" Ami akauliza.

"Mchele rudi nao. Nataka uweke paa juu ya njia, watu wapite chini yake salama mpaka umalize nyumba yako. Na mbao zitiwe ukingo. Watoto wa chuo wanapita pale kila siku."

Ami akatabasamu kama anavyotabasamia mgonjwa mwenye homa. "Inshallah," alisema. Namna ile ya inshallah sote tunaijua. Akaondoka, mchele akauacha.

Wageni walipotoka, Faki alinigeukia.

"Umenivunjia heshima mbele ya wazee. Yule ni baba yangu."

"Mimi nimevunjiwa bega."

"Unataka nifukuzwe kazi? Tule hasira yako?"

"Mwenzako nakula kwa mkono wa mama yako. Nenda kaulize kwa nini."

Alilala ameugeukia ukuta, na akaendelea hivyo. Alikuwa anaamkia kazini, anarudi, anamchukua Siti, anamwimbia, mimi hanisemeshi ila la lazima. Ukiugua kwa kosa la jamaa, nyumba yako nayo inaugua. Hili nalo hakuna aliyenambia.

*

Vifungo vilipofunguliwa, mkono uliotoka sikuujua. Mwembamba, ngozi inachunika, bega limeshuka, na pale mtulinga ulipounga pana nundu utadhani nimemeza kokwa ya embe ikakwama njiani. Kidole gumba na cha shahada havikutani. Nilikuwa namwambia mkono, njoo, hauji.

Ndipo nikaanza mazoezi hospitali. Ramadhani ikatukuta humo humo. Kwenye benchi la kusubiri nilizoeana na kijana mmoja, Kombo, aliyeanguka mkarafuuni akaumia mgongo. Sote tumefunga, midomo imekauka, zamu haifiki.

"Wewe nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Niliangukiwa na karai."

"Mimi nilianguka mwenyewe. Mwenye akili hapa nani?"

"Mimi. Wewe ulipanda."

"Mimi nilipanda nikijua naweza kuanguka. Wewe ulikuwa unatoka kununua mchicha."

Nilicheka mpaka bega likauma. Halafu njiani nikawa nalifikiria neno lake. Anayepanda juu anajua. Fundi anajua, mchumaji karafuu anajua. Aliye chini amebeba mchicha hajui kitu, na hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi. Tangu hapo mtu akinambia kadari, namsimulia ya Kombo.

Dada wa mazoezi alikuwa mpole wa sauti na mkali wa mikono. Alinisimamisha mbele ya ukuta nitembeze vidole juu yake, vikipanda kama mjusi, pole pole. Siku ya kwanza vilifika kiunoni. Nikarudi nyumbani nikafanya ukutani kwangu, kwa hasira, nikiweka alama kwa mkaa pale vilipofika. Bi Mize akasema, "Ukuta n'lioupaka chokaa miye huo!" Kesho yake nikamkuta ameshika kipande cha mkaa, ananingojea. "Haya, panda. Jana uliishia hapa."

Sikukuu nilijifunga buibui mwenyewe. Mara ya kwanza. Lilikaa upande, na nikatoka nalo hivyo hivyo, nikapita barabara nzima kichwa juu.

*

Masika mvua ilisimamisha ujenzi. Mirunda ikaoza kamba, ikateremshwa, tukapita kwa amani. Mimi mkono ulikuwa unarudi kidogo kidogo: kushika kijiko, kushika kitana, kumshika Siti mkono akijifunza kutembea. Uzito ulikataa. Mpaka leo ndoo iliyojaa siibebi kwa mkono ule. Dada wa mazoezi aliniambia nisijidanganye, nguvu ambayo haijarudi haitarudi. Nilishukuru kuambiwa.

Mvua ilipokatika, jukwaa likasimama tena, refu zaidi, kwa ajili ya ghorofa ya juu. Nikaenda kulitazama. Mbao zile zile, bila ukingo. Njia ile ile. Na watoto wa chuo na juzuu zao wanapita chini wanakimbizana.

Nikaenda dukani kwa Ami, mbele ya Faki. Nikamkumbusha inshallah yake.

"Nimefunga kamba," alisema. "Na kibao kimeandikwa HATARI. Unataka nini tena?"

Kweli, kamba ilikuwepo. Nilikaa kwenye baraza ya ng'ambo nikaitazama kamba ile inavyofanya kazi. Ng'ambo kuna duka la vitambaa la Bi Kulsum, Muhindi wa kwetu hapa hapa, babu yake kazaliwa Chake. Aliniletea kiti na chai, tukatazama pamoja. Mtu anakuja, anaiona kamba, anainama anapita. Kijana anainua kamba ampishe mzee: "Pita bibi, pita." Bibi anapita chini ya matofali huku anamwombea dua. Mwanamke ana ndoo kichwani, wawili wakamkimbilia kumnyanyulia kamba. Adabu tupu. Nimeona watu wanasaidiana kwenda kuangukiwa.

"Hawa," alisema Bi Kulsum, "ukiweka simba hapo watamwamkia shikamoo wapite."

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Watu hawa hawa, mimi nikiwemo, kuna kitu kimoja hatukivuki.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Bi Mize nataka majamvi yake. Uchumaji wa mwanzo ulikuwa umeanza, yadi ilijaa makonyo, vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu.

"Ya nini?"

Nikamwambia. Shaame ni shemegi yake, amekula kwake miaka. Nikajua hapa nimefika mwisho. Akaingia ndani, akatoka na majamvi matatu kichwani.

"N'mekulisha kwa nkono wangu huu," alisema. "Sitaki kulisha ntu mwengine. Twende."

Tukatandika chini ya jukwaa, toka ukutani mpaka ukingo wa barabara, tukamwaga makonyo na karafuu kidogo juu ili yapendeze. Tukakaa pembeni, mbali na mbao.

Hakupita mtu. Nakwambia hakupita hata mmoja. Wanafika, wanasimama, wanatazama chini, wanazunguka. Kamba hawakuiogopa, kibao hawakukisoma, karafuu wakaipisha.

"We Raya," mzee mmoja aliita, "nani kaanika kivulini?"

"Miye, babu."

"Hazikauki hizo!"

"Ndiyo maana zitakaa sana."

Mafundi juu wakawa wanachungulia wanacheka. Nikawaambia, "Chekeni, lakini shikeni makarai yenu."

Lakini kuna jambo sikulipima sawa. Watu walipozunguka, walizunguka kwenye barabara, na pale ni kona. Gari ikasimama, nyingine nyuma yake, bodaboda zinajipenyeza, honi, matusi, mtu na mzigo wa ndizi kakwama katikati. Nimewatoa chini ya tofali nimewatia mbele ya gari. Nikasimama barabarani mwenyewe, mkono mzuri juu, nikazuia gari watoto wa chuo wavuke. Dereva akatoa kichwa: "We mama, umekuwa askari?" Nikamwambia, "Zima gari uje unisaidie."

Sheha wa shehia yetu, ndiye serikali ya mtaa, akaja, mtu mpole anayechukia kelele. Ami Shaame akaja nyuma yake, kanzu haikunyooka.

"Toa majamvi," Ami alisema.

"Weka paa."

"Raya, unanitia aibu mbele ya mji mzima."

"Mji mzima ndio unaopita hapa, Ami."

Akanisogelea, akashusha sauti. Nadhani alitaka nisikie mimi tu, ila Bi Mize na Sheha walikuwa karibu. "Nikijenga hilo paa," alisema, "watu watasema nimekiri. Watasema Shaame kamvunja mkono mke wa mwanawe."

Kumbe. Miezi yote ile nilidhani ubahili, nilidhani kiburi. Kumbe ni hilo. Alikuwa anaona paa lile litakuwa kama kidole kinachomnyooshea. Nusura nimuonee huruma. Nikavuta buibui nikamwonyesha nundu kwenye mtulinga, kidogo tu, mkwe wangu yule.

"Kukiri sikukutaka, Ami. Hilo utamwambia Mungu. Mimi nakutaka ujenge."

Sheha akajifuta jasho. Akasema fundi hapandi tena mpaka njia iwe salama, na gari zipite upande mmoja. Akalisema kwa unyenyekevu, lakini akalisema. Kisha kila mtu akasimama anamtazama mwenzake, kwa sababu kusema ni jambo na kunyanyua kitu ni jambo jingine.

Nikasikia kitu kinabingirika. Nikageuka. Faki, mume wangu, anatoka uani mwa duka la ami yake, anasukuma pipa tupu kwa miguu na mikono. Akalisimamisha kwenye lami, kati ya gari na watu. Hakunitazama. Akaenda akaleta jingine. Ami alimtazama mpaka pipa la tatu, halafu akamwita fundi mkuu, akamwambia, "Shukeni. Leteni mbao."

*

Nilikuwepo wakijenga, kila siku, kwenye kiti cha Bi Kulsum. Walinichoka. Mbao nene zimepangwa mara mbili, hazina mwanya, juu yake mabati. Nguzo zimeingia nje ya njia, hazisimami katikati. Fundi alitaka paa liwe chini aokoe mbao. Nikamwita mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, nikamwambia asimame pale. "Paa lianzie juu ya ndoo yake," nikasema. Likaanzia juu ya ndoo yake. Mapipa yakatiwa mchanga, yakapakwa chokaa, yakapangwa upande wa barabara ili gari isimfuate mtu. Huko juu kila ubao ukatiwa ukingo, kitu kisiteleze, na wavu ukafungwa nje. Nikawauliza kwa nini hawakufanya hivyo toka mwanzo. Mmoja akasema, "Hakuna aliyetaka." Basi sasa mtu kataka.

Nakwambia wewe mwenye mkono kifuani: usikubali kupona ukanyamaza. Watakupa mchele. Ule, ni halali yako, mimi wangu tuliupika. Lakini waambie na wanachotakiwa kufanya, na uwaambie kwa jina lake: ukingo, paa, wavu, njia. Ukisema "mjihadhari" watasema inshallah. Ukisema "mbao mbili, bati juu" hawana pa kukimbilia.

Faki hakufukuzwa. Jioni ile ya mapipa alirudi viganja vimechubuka, akakaa kitako mbele ya sahani, akanambia, "Nilishe na miye basi." Nilimlisha kwa mkono wangu wa kulia. Wali ulimwagika nusu. Bi Mize akaondoka akajifanya ana kitu jikoni.

Chuo kilipofungua baada ya mapumziko, nilikwenda kumpelekea mwalimu salamu za mama mkwe. Watoto walikuwa wanatoka, kundi zima limeingia chini ya paa, wakubwa wanawavuta wadogo, wanasoma kwa sauti sura waliyopewa wakairudie nyumbani. Siti alikuwa nami, ananivuta buibui nimpeleke kati yao. Tukaingia. Tulikuwa tumefika katikati.

Likaja. Kishindo juu ya vichwa vyetu, bati likalia mtaa mzima, vumbi likachuruzika kwenye miale ya jua pembeni. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nilikuwa nimeshachuchumaa na Siti nimemfunika, bega linawaka.

Watoto waliacha kusoma. Wakatazama juu. Paa limesimama.

"Nini?" mmoja akauliza.

"Tofali," mwenzake akajibu. "Sogea huko, we wanikanyaga." Wakaendelea na sura yao palepale walipoishia, wakatoka upande wa pili, wakatawanyika juani. Hawakujua wamepita nini. Nilibaki nimechuchumaa, nawatazama migongo yao yote, mizima, na sijapata kujiona mkubwa kama nilivyojiona pale chini.

Kutoka juu sauti ya fundi ikaja.

"Jamani! Huko chini kuna mtu?"

Nikasimama, nikamnyanyua Siti, nikamjibu kwa nguvu zangu zote.

"Tupo tele! Fanya kazi yako."